Salfa Gani, Baba Hadija?

Acheni kunitumia picha. Nimestaafu, simu yangu kioo kimepasuka, na bado kila wiki kuna mmoja wenu, nyie matabibu wa siku hizi, ananirushia paja la mtu lililopigwa gizani, chini ameandika: "Shikamoo Bibi, hii ni nini?" Marahaba. Hiyo ni picha mbaya, ndiyo jibu langu. Ngozi haisomwi hivyo, wajukuu zangu. Mgonjwa unamsogeza dirishani penye mwanga, unaitazama ngozi, unaigusa, kisha unafunga mdomo umsikilize mwenye ngozi yake. Hilo la kufunga mdomo ndilo linalowashinda.

Mimi nilikuwa tabibu. Nimezaliwa Masasi, lakini kazi nimeifanyia zaidi huku juu, upande wa Newala, kwenye kituo cha afya ambacho wenzangu wote walikikimbia chumba chake kimoja: chumba cha ngozi. Walitaka malaria, walitaka uzazi, walitaka semina. Ngozi haina semina. Ukipangiwa ngozi watu wanakutazama kama uliyemkosea mkubwa. Basi nikapangiwa, na nikakaa humo mpaka nikazeekea humo.

Zamani tulikuwa na dawa ya zambarau. Kidonda, zambarau. Mba, zambarau. Mtoto ana upele, mpake zambarau. Siku ya kliniki ukisimama mlangoni unaona nusu ya kijiji imepakwa rangi, na nani anaumwa nini hakuna ajuaye. Mnacheka! Nyie mmebadilisha rangi tu. Leo ni tyubu ya mchanganyiko, ndani yake kuna dawa ya fangasi, ya bakteria na ya kutuliza muwasho, zote humo humo, ili anayeiandika asipate taabu ya kufikiri. Mgonjwa hajakaa kwenye kiti, mshaandika fangasi. Ana doa jeupe, fangasi. Ana doa jeusi, fangasi. Angeingia na shati la madoadoa, nalo mngelipa tyubu.

Aliyenifundisha mimi ni Dokta Amosi, bingwa wa ngozi aliyekuwa akituzungukia vituoni kila alipopata gari. Mtu mfupi, mnene, hasira ziko karibu. Ole wako umwambie, "Dokta, ugonjwa wa huyu umerudi." Anakufokea mbele ya mgonjwa: "Umerudi kutoka wapi? Uliusindikiza wewe? Uliupa nauli?" Mgonjwa anacheka, wewe unatafuta pa kuficha uso. Mwanzoni nilimchukia kabisa. Nilidhani anajisikia kwa sababu ya ubingwa wake.

Kisha siku moja akakaa akanieleza, nami nawaeleza nyie, maana najua shuleni hapa ndipo mlipokuwa mnasinzia. Mwili una chembe za kinga. Zipo zinazozunguka kwenye damu. Zikiitwa zinakwenda, zinapigana, nyingi zinakufa hukohuko, yakaisha. Lakini zipo nyingine zikishaingia kwenye ngozi kwa ajili ya vita, vita vinaisha na hazitoki. Zinabaki kwenye kipande kilekile cha ngozi miaka na miaka, na zinamkumbuka adui. Zimewekwa kwa nia njema, ili adui akikanyaga tena zisipoteze muda. Balaa linaanza pale zilipomkariri mtu ambaye si adui. Dokta Amosi alisema ni kama shemeji aliyekuja msibani: mmezika, arobaini imesomwa, wageni wote wameondoka, yeye bado yumo sebuleni, na akipita hata muuza maandazi yeye ndiye wa kwanza kutoka na fimbo.

"Doa halijarudi," akaniambia. "Doa halikuondoka. Wewe ndiye uliyeacha kulitazama."

Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mama mbanguaji wa korosho. Mafuta ya ganda yalimla vidole mpaka akaacha kazi. Vikapona, akasahau. Miaka imepita, akamenya maembe mabichi ya achari, kesho yake vidole vilevile vimevimba na kupasuka. Akaja analia amerogwa na mwenye maembe. Nikamwambia hakuna aliyekuroga, mama. Utomvu wa ganda la embe na mafuta ya ganda la korosho ni ndugu, na zile chembe zilizolala vidoleni zimemwona ndugu wa adui zikaamka. Menya huku umevaa mfuko wa plastiki. Mama yule akanitazama kwa huruma. Akasema afadhali kuna aliyeroga, angalau angekuwa na mtu wa kununiana naye.

Na wale wa mnadani je! Anasimama na kipaza sauti, amepanga chupa juu ya turubai, anauza dawa ya "kung'oa mzizi wa ugonjwa wa ngozi". Mzizi upi? Amewahi kuuona? Watu wanapanga foleni. Kwangu mimi, niliyekuwa nikieleza bure na kiti cha kukalia nikawapa, walikuwa wanasinzia kama nyie.

Lakini niliyoyaleta leo ni ya Baba Hadija, mkulima wa Mnyambe. Yanawahusu kwa sababu chanzo chake ni mmoja wenu, kijana mwenye koti jeupe na ulimi mwepesi.

Baba Hadija alikuwa na doa kwenye mdomo wa chini na doa jingine huko chini kwenye siri zake. Yanakaa meusi, hayaumi, kisha siku moja yanawaka, yanavimba, yanatoa malengelenge, yanachubuka, yanapoa, yanabaki meusi zaidi. Na yalikuwa yanawaka akitoka Lisekese, kule Masasi, alikokuwa akienda kumsaidia kaka yake shamba. Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya mkewe. Mume anakwenda Lisekese mzima, anarudi na kidonda mdomoni na kidonda huko. Mngefikiri nini? Na yeye alifikiri hivyohivyo.

Walizunguka zahanati. Wakachomwa sindano za magonjwa ya zinaa, wote wawili, mke anachomwa huku anamtazama mume kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo. Kwingine wakaambiwa "waleteni na wapenzi wengine." Lahaula! Unamwambia mwanamke hivyo mbele ya mumewe, halafu unaita "anayefuata"? Hakuna aliyeuliza mtu huyu anakula nini, anakunywa dawa gani. Baadaye wakafika kituoni kwetu siku ambayo mimi sikuwepo, wakamkuta kijana wetu wa zamu. Na kijana yule, nimpe haki yake, alipatia. Aliona doa la duara, rangi ya zambarau iliyoiva, linawaka palepale, akajua ni aleji ya dawa. Akamwambia Baba Hadija: "Mzee, wewe una aleji ya salfa. Achana na salfa kabisa, usiiguse tena maisha yako." Anayefuata.

Mmeona kosa liko wapi? Hamjaona, kwa sababu mmesoma. Ninyi mkisikia salfa mnafikiria dawa za vidonge zenye salfa. Nendeni Mnyambe msimame sokoni mseme "salfa" kwa sauti. Hata mtoto atawaonyesha: ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho ikitoa maua, kuzuia ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Huku kwetu hakuna salfa nyingine. Na ile ya mikorosho na ile ya vidonge zimefanana jina tu, mwenye aleji ya moja nyingine haimdhuru. Kijana wetu alikula korosho maisha yake yote na hakulifikiria hilo.

Baba Hadija ni mtu mtiifu. Aliacha salfa. Msimu wa kupulizia ukifika anafunga mzigo, anakwenda zake Lisekese kukaa kwa kaka yake mpaka vumbi la njano litulie. Mikorosho ikakosa dawa, maua yakakauka meupe, mabibo yakawa ya kuhesabu. Na kule Lisekese, ambako maji hayakuwahi kumpenda, tumbo likimsokota anakwenda duka la dawa ananunua septrini. Septrini ina salfa ndani. Basi akawa anaikimbia salfa isiyomdhuru na kuifuata ile inayomdhuru, kwa miguu yake mwenyewe, kwa ushauri wa daktari.

Siku waliyokuja kwangu walikuwa watatu. Wa tatu ni mjomba wa mke, aliyebaki nje kwenye benchi na mwavuli wake katikati ya magoti. Nyie wa huku mnajua maana yake. Baba Hadija alikuwa ameoa ukweni, nyumba ni ya upande wa mke, mikorosho ni ya upande wa mke, na mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba alikuja kusikia jibu moja tu: kama ni ugonjwa wa zinaa, mkwe afungashe nguo zake siku hiyohiyo.

"Shikamoo Daktari," wakasema.

"Marahaba. Anayeumwa ni nani?"

"Ndoa," akasema Mama Hadija, akakaa.

Nilimpeleka Baba Hadija dirishani nikautazama mdomo. La chini alikataa kunionyesha, akasema, "Hilo ni kaka yake hilo la juu, Daktari, ukiliona moja umeyaona yote." Sikubishana naye, doa la mdomoni lilitosha. Nikamuuliza kama aliwahi kuambiwa ni nini.

"Niliambiwa aleji ya salfa. Na nimeiacha. Mwenyezi Mungu shahidi yangu, siisogelei."

"Salfa gani, Baba Hadija?"

Akanishangaa. "Salfa, Daktari. Salfa si salfa? Ya mikorosho."

"Tumbo likikuuma Lisekese unakunywa nini?"

"Septrini."

"Septrini ndiyo salfa!"

"Hapana," akasema kwa upole, kama anayemrekebisha mgeni. "Septrini ni vidonge vyeupe. Salfa ni ya njano."

Jamani. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha nikaona hakuna mwingine anayecheka, nikanyamaza. Mama Hadija alikuwa amekunja mikono. Nikawaeleza yote, chembe za kinga, shemeji wa msibani, fimbo, muuza maandazi. Nilieleza vizuri siku ile, mngekuwepo mngejifunza. Nilipomaliza, mama yule akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wenu amewahi kuniuliza.

"Kidonge kinaingia mwili mzima, Daktari. Kwa nini kichague mdomo na huko tu? Mgongo hakikuuona?"

"Kidonge hakichagui. Kinapita kote. Wenye fimbo ndio wamekaa mahali pawili tu."

"Na kwa nini walikaa huko?"

"Hilo hata mabingwa wanakisia."

"Aa," akasema Mama Hadija. "Hapo ndipo ninapotaka kujua mimi, na hapo ndipo hospitali haijui."

Nikamwita mjomba ndani nikarudia. Alisikiliza huku akizungusha mwavuli, akasema, "Maneno ya hospitali mengi." Lakini alikuwa mtu wa haki. Akasema anawapa nafasi mpaka msimu wa mabibo uishe. Doa likiwaka tena, mkwe aende kwao. Nikamkanya Baba Hadija septrini asiiguse, na nikamwandikia majina ya dawa nyingine zenye salfa ya aina ile, akasome dukani kabla ya kununua. Nikadhani kazi yangu imekwisha.

Ngoja niwaambie kitu kuhusu ushahidi. Nyie mnapenda kusema "mgonjwa ameelimishwa". Ameelimishwa! Mnajuaje? Alitikisa kichwa? Mama Hadija naye alitikisa kichwa. Kisha akaondoka kwangu akapitia duka la dawa, akanunua septrini, akaificha kwenye upindo wa kanga.

Walirudi asubuhi moja kliniki imefurika. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona, anapenya kwenye foleni, "Nipisheni, nipisheni jamani," na uso wake unang'aa kama wa mama wa bibi harusi. Nyuma yake Baba Hadija, mdomo umevimba umefika kidevuni, anatembea ametanua miguu kama aliyetoka jandoni jana.

"Daktari, ni kweli!" akasema kabla hata ya shikamoo. "Ni kweli tupu! Hajatoka nyumbani. Msikitini nilimsindikiza mwenyewe, shambani nilikuwa naye, chooni nilisimama nje. Jana nikamsagia septrini kwenye uji, leo alfajiri doa hilo! Palepale! Mume wangu msafi, Daktari, hana mwanamke!" Akawageukia wanawake wa kwenye foleni, watu asiowajua, akawaambia nao. Mmoja akapiga kigelegele.

Nilimtukana. Siwafichi. Nilimwambia ingeweza kumwaka mwili mzima akachunika ngozi kama aliyemwagiwa maji ya moto, maana zile chembe kila zikiamshwa zinaweza kuzidi ukali, na madoa yakaongezeka. Nilimwambia mjinga, nikamwambia muuaji. Hakunisikia hata moja. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefunguliwa kamba shingoni, na mimi nilivyo mkali nikashindwa kuendelea. Miaka yote hiyo alikuwa anampenda mtu aliyemdhania anamcheza shere, na sasa amejua hakumcheza.

Baba Hadija hakuwa anamtazama mkewe. Alikuwa anatazama sakafu.

"Uji wa jana?" akauliza. Mdomo ulikuwa mzito, maneno yanatoka nusu.

"Ndiyo mume wangu. Nijue."

"Nilikwambia una uchungu."

Mama Hadija akaushika upindo wa kanga yake.

"Ukaniambia ni mtama mpya," akasema Baba Hadija. "Ukanishikia na kikombe."

Nikamwingiza ndani nikamsafisha, nikampa dawa. Akasema tu, "Ahsante, Daktari."

Mdomo ulipona, doa likabaki, kama kawaida yake. Mjomba alipelekewa habari, akacheka mpaka akakohoa, akasema mkwe wake ni mwanaume wa pekee tarafa nzima aliyesafishwa na uji. Msimu uliofuata Baba Hadija alifunga kitambaa puani akapulizia mikorosho mwenyewe, njano tupu, na hakikumwota hata kipele. Mabibo yakarudi. Hakuna aliyefungasha nguo. Kituoni tukawa tunaisimulia kama habari njema, na mimi nilikuwa wa kwanza kuisimulia, najisifu.

Nilipostaafu walinialika futari Mnyambe, Ramadhani, mimi na Ukristo wangu. Nikaenda. Adhana ikaadhiniwa, tukala tende, tukanywa maji. Baba Hadija alikuwa mchangamfu, ananitania, anamwambia kila aliyepo kwamba huyu ndiye bibi aliyecheka mpaka miwani ikaanguka. Muhogo wa nazi ukaletwa kwenye sinia moja, akala na sisi vizuri.

Kisha Mama Hadija akaleta uji. Akamimina kikombe cha kwanza, akanywa yeye funda moja, mbele yetu sote, kama anayeonja pombe kuitoa sumu kabla ya kumpa mgeni. Akakifuta kikombe ukingo kwa kanga, akakiweka mbele ya mumewe.

"Ahsante, Mama Hadija," akasema Baba Hadija, kwa adabu kabisa.

Akainuka, akaenda jikoni. Tukasikia sufuria, tukasikia mwiko. Hakuna aliyeshangaa, watoto waliendelea kula. Nikamtazama Mama Hadija. Akaniambia, bila kunung'unika, "Tangu siku ile, Daktari. Ugali wangu anakula, mboga anakula. Uji anajipikia. Na mimi kila siku namwekea."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mnanijua. Niliyatafuta yote nikayaona hayafai. Kikombe kilikuwa pale kinapoa, kimeanza kufanya utando juu. Nikakivuta kwangu nikakinywa mpaka chini, na sukari ilikuwa imekolea, na haukuwa na uchungu wowote.